Kura moja ya Salt Lake City: hesabu iliyoangusha majaji wa barafu mwaka 2002

Usiku wa tarehe 11 Februari 2002, mjini Salt Lake City, Marekani, Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada walimaliza programu yao ndefu, ngwe ya pili na ya mwisho ya mashindano, bila kosa la kuonekana kwa macho. Ukumbi mzima ulisimama. Watu walipiga kelele "Sita! Sita!", wakiwataka majaji watoe 6.0, alama ya juu kabisa ya mchezo huo enzi hizo. Alama zilipotokea kwenye ubao, kelele zikageuka zomeazomea. Dhahabu ya Olimpiki ilikuwa imekwenda kwa Warusi, Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze, ambao dakika chache kabla walikuwa wamefanya kosa lililoonwa na kila aliyekuwa na televisheni. Majaji watano waliwapa Warusi, wanne wakawapa Wakanada.

Zaidi ya miaka ishirini imepita, na kisa hiki bado kinasimuliwa kwa sentensi moja: jaji wa Ufaransa alishinikizwa, akapiga kura asiyoiamini. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaacha nje jambo kubwa zaidi. Namna ya kuhesabu alama iliyotumika usiku ule ndiyo iliyompa mtu mmoja uwezo wa kugeuza matokeo yote, na dawa iliyotafutwa baadaye ilitibu hesabu huku ikiwaficha majaji kwa zaidi ya miaka kumi. Ni vema kuyatenganisha hayo mawili, kwa sababu watu wengi huyachanganya.

Kwanza, tuwatendee haki wachezaji wenyewe. Kuteleza kwa jozi ni mchezo wa mwanamume na mwanamke wanaocheza pamoja juu ya barafu kwa muziki, wakiruka sambamba, wakizunguka, mwanamume akimnyanyua mwenzake juu ya kichwa au kumrusha hewani ili atue kwa mguu mmoja juu ya kipande chembamba cha chuma. Tangu mwaka 1964 dhahabu ya Olimpiki ya jozi ilikuwa haijatoka mikononi mwa Wasovieti na Warusi waliowafuata. Berezhnaya na Sikharulidze walikuwa warithi halali wa mila hiyo. Mwaka 1996, akiwa bado anacheza na mwenzake wa zamani, Berezhnaya alipigwa kichwani na chuma cha kiatu cha mwenzake huyo wakati wa mazoezi mjini Riga. Fuvu lilitoboka, akafanyiwa upasuaji, na ikambidi ajifunze kuongea upya. Miaka miwili baadaye alisimama kwenye jukwaa la Olimpiki ya Nagano na Sikharulidze, wakiwa na medali ya fedha. Mwanamke huyu hakuiba kitu. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba yeye au mwenzake walijua lolote kuhusu mipango ya majaji, na bado jina lake limebaki limefungwa kwenye kashfa ambayo hakuianzisha.

Usiku wa fainali ulianza kwa mkosi. Katika mazoezi ya kupasha mwili, Salé na Sikharulidze waligongana barafuni wakaanguka wote wawili. Warusi waliongoza baada ya programu fupi, wakacheza kabla ya Wakanada. Uchezaji wao ulikuwa mzuri, mgumu, wenye ulaini ambao wajuzi wa mchezo waliuheshimu kweli. Ila Sikharulidze alipotua kutoka kwenye akseli, ule mruko wa kuanzia mbele wa mizunguko miwili na nusu, aliyumba na kulazimika kuongeza hatua. Wakanada walikuwa na programu ambayo baadhi ya wajuzi waliiona nyepesi kidogo na ya zamani, lakini waliicheza safi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kulikuwa na hoja mbili za kweli, na jaji mwaminifu angeweza kuchagua upande wowote. Hili husahaulika. Kosa la usiku ule halikuwa kwamba Warusi walishinda. Kosa ni kwamba hakuna aliyeweza kujua kama walishinda kwa sababu ya barafu au kwa sababu ya shinikizo.

Katika michezo ya saa, shida hii haipo. Wiki zilezile, kwenye theluji ya milima ya Utah, Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyeacha uwanja wa riadha akajifunza ski, alikuwa akishindana kama mwakilishi pekee wa nchi yake. Hakurudi na medali, lakini hakuna aliyebishana na muda wake. Anayefuatilia ndondi ataielewa zaidi hali ya Salt Lake City: pambano likifika mwisho bila mtu kuangushwa, kila kitu kimo kwenye kadi za watu watatu waliokaa kando ya ulingo. Barafuni watu hao walikuwa tisa.

Tuzifungue hizo kadi tisa. Kila jaji alitoa alama mbili kwa kila jozi, moja ya ufundi na nyingine ya uwasilishaji, kila moja ikiishia 6.0. Mtazamaji wa nyumbani aliona 5.8 na 5.9 zikipita kwenye kioo akadhani zinajumlishwa. Hazikujumlishwa. Alama za kila jaji zilitumika kupanga nafasi tu: kwa jaji huyu, nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Kisha jozi zilishindanishwa mbili mbili, na aliyewekwa mbele na majaji wengi ndiye aliyemshinda mwenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Majaji wanne wanawaona Wakanada bora kwa pengo kubwa, kila mmoja akiwazidishia 0.5. Majaji watano wanawaweka Warusi mbele kwa 0.1 tu kila mmoja. Ukijumlisha alama zote, Wakanada wako mbele kwa 1.5. Kwa mfumo ule wangeshindwa, tano kwa nne. Ukubwa wa pengo haukuwa na maana. Jaji aliyeona tofauti ya mbingu na ardhi na jaji aliyetumia sehemu moja ya kumi ili kutimiza ahadi walikuwa na uzito sawa, kura moja kila mmoja.

Hapo ndipo hatari ilipolala. Alama zote za juu zilikuwa zimebanana kati ya 5.7 na 5.9. Mtu aliyetaka kuisaidia nchi fulani hakuhitaji kutoa alama ya aibu ambayo watu wangeinyooshea kidole. Sehemu moja ya kumi ilitosha, na ilitosha kuiweka kwenye uwasilishaji, ambako hakuna kipimo. Kosa la Sikharulidze lingeweza kupunguza ufundi kidogo, kisha uwasilishaji ukarudisha kila kilichopotea na kuongeza. Ndivyo ilivyokwenda: katika alama ya pili Warusi walipata 5.9 nyingi kuliko Wakanada.

Waliowapa Warusi walikuwa majaji wa Urusi, Uchina, Ukraine, Poland na Ufaransa. Waliowapa Wakanada walikuwa wa Kanada, Marekani, Ujerumani na Japani. Ukitazama orodha hiyo kwa macho ya Vita Baridi unaona Mashariki dhidi ya Magharibi, na jina moja tu ambalo halikai mahali pake. Marie-Reine Le Gougne wa Ufaransa.

Usiku uleule, kwenye ukumbi wa hoteli walikofikia maofisa, Le Gougne alikutana na Sally Stapleford, Mwingereza aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ufundi ya Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu, ISU. Kwa maelezo ya Stapleford na wengine waliokuwepo, Le Gougne aliangua kilio na kusema kwamba mkuu wa shirikisho la Ufaransa, Didier Gailhaguet, alikuwa amemshinikiza awape Warusi. Alirudia maneno ya namna hiyo kwenye kikao cha majaji kesho yake. Malipo yaliyodaiwa yalikuwa kwenye mashindano mengine: Mfaransa awasaidie Warusi kwenye jozi, nao Warusi wawasaidie Wafaransa Marina Anissina na Gwendal Peizerat kwenye dansi ya barafuni, iliyokuwa inakuja. Anissina na Peizerat walishinda kweli dhahabu hiyo tarehe 18 Februari, na wajuzi wengi wanasema waliistahili hata bila msaada wa mtu.

Baadaye Le Gougne aligeuka. Alisema aliwaona Warusi bora kwa dhamiri yake, na kwamba shinikizo la kweli lilitoka kwa waliotaka Wakanada washinde. Gailhaguet alikana kufanya biashara yoyote ya kura. Hata hivyo ISU iliwafungia wote wawili miaka mitatu na kuwazuia kushiriki Olimpiki ya 2006. Upande wa Urusi haukuchunguzwa kwa kina, na huo ni udhaifu mkubwa wa uchunguzi ule: mapatano, kama yalikuwepo, huhitaji pande mbili, na mmoja tu ndio uliokaa kizimbani. Julai 2002 polisi wa Italia walimkamata mfanyabiashara Alimzhan Tokhtakhounov kwa ombi la Marekani, iliyomtuhumu kwa kupanga matokeo hayo. Alikana, Italia haikumpeleka Marekani, na kesi haijawahi kusikilizwa.

Michezo yenyewe haikuweza kusubiri mahakama. Tarehe 15 Februari, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Jacques Rogge, na rais wa ISU, Ottavio Cinquanta, walitangaza kwamba Wakanada watapewa dhahabu ya pili. Warusi wabaki na yao. Wachina Shen Xue na Zhao Hongbo wabaki na shaba, na fedha isiwepo. Siku mbili baadaye jozi zote mbili zilipanda jukwaa moja na nyimbo mbili za taifa zikapigwa. Uamuzi huo uliwatuliza watazamaji, na kwa wachezaji wanne waliohusika nadhani ulikuwa wa utu. Lakini kisheria ulikuwa dhaifu: ama kura ya jaji ilikuwa batili na matokeo yahesabiwe upya, ama ilikuwa halali na dhahabu ni moja. Kugawa medali ilikuwa njia ya kutolijibu swali.

Siku kumi baada ya fainali ya jozi, hesabu zilezile zilionyesha ubovu wake bila rushwa ya mtu yeyote. Hii ndiyo sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote. Katika mashindano ya wanawake, nafasi ya programu fupi ilizidishwa kwa 0.5 na ya programu ndefu kwa 1.0, kisha mwenye jumla ndogo akashinda. Baada ya programu fupi Michelle Kwan wa Marekani alikuwa wa kwanza, akiwa na 0.5. Irina Slutskaya wa Urusi alikuwa wa pili, 1.0. Sarah Hughes, binti wa miaka 16, alikuwa wa nne, 2.0.

Katika programu ndefu Hughes alicheza kama aliyeondolewa mzigo mabegani, akawekwa wa kwanza. Kwan alicheza baadaye akayumba, akawekwa nyuma yake. Wakati huo jumla zilikuwa hivi: Kwan 0.5 na 2, yaani 2.5, Hughes 2.0 na 1, yaani 3.0. Kwan alikuwa anaongoza, na aliyebaki miongoni mwa wenye nafasi ya ushindi alikuwa Slutskaya peke yake. Slutskaya akacheza, majaji wakamweka kati ya Hughes na Kwan. Sasa Kwan alishuka hadi nafasi ya tatu ya programu ndefu, na jumla yake ikawa 3.5. Slutskaya akapata 1.0 na 2, yaani 3.0, sawa kabisa na Hughes. Sheria ilisema wakilingana, aliyeshinda programu ndefu ndiye bingwa. Dhahabu ikaenda kwa Hughes.

Tazama kilichotokea hapo. Hughes na Kwan walikuwa wamemaliza kazi yao. Hakuna alama yao hata moja iliyobadilika. Lakini nani aliye mbele ya mwenzake kati yao wawili ilibadilika kwa sababu mtu wa tatu alicheza. Zaidi ya hapo, Hughes alimshinda Slutskaya kwenye programu ndefu kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji mmoja angefikiri vingine, Slutskaya angekuwa na 2.0 na dhahabu shingoni. Hesabu inayowafanyia wachezaji hivyo hata siku ambayo kila mtu ni mkweli haikustahili kubaki, na ningependa ingekuwa imefutwa kwa sababu hii, kabla kashfa haijalazimisha.

Mfumo mpya ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Olimpiki ya Torino mwaka 2006. Msingi wake ni kwamba kila kitendo kina bei. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, akseli ya mizunguko miwili na nusu ina thamani ya 3.3, ile ya mizunguko mitatu na nusu 8.0, na Lutz, aina nyingine ya mruko, ya mizunguko minne 11.5. Jopo la ufundi, tofauti na majaji, hutazama marudio ya video na kuamua ni kitendo gani kimefanyika na kama mzunguko umekamilika. Kwa kila kitendo majaji hutoa daraja la ubora, siku hizi kuanzia -5 hadi +5, na kila daraja ni asilimia kumi ya bei; kando yake hutoa alama za uwasilishaji wa programu nzima. Alama ya juu zaidi na ya chini zaidi kwa kila kitendo hutupwa, zilizobaki zinatafutiwa wastani.

Irudishe akseli ya Sikharulidze kwenye karatasi ya leo. Bei ni 3.3. Tuseme wastani wa majaji kwa hatua ile ya kuyumba ni -3. Wanapoteza 0.99, wanabaki na 2.31, na namba hiyo imechapishwa mbele ya jina la mruko ili yeyote aisome. Jaji mwenye ahadi ya siri akitoa +3 pale ambapo wenzake wametoa -3, alama yake inatupwa kwa kuwa ya juu mno. Kura moja haigeuzi dhahabu kirahisi tena. Hayo ni mafanikio ya kweli, na anayetamani 6.0 irudi anapaswa kuyakumbuka. Namwelewa, hata hivyo. Mwaka 1984 kule Sarajevo, Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walipopata safu nzima ya 6.0 kwa usanii, mtoto wa darasa la kwanza alielewa kilichotokea. Nani anakumbuka leo kwamba Mmarekani Evan Lysacek alimshinda Mrusi Evgeni Plushenko kwenye Olimpiki ya 2010 kwa 257.67 dhidi ya 256.36?

Sehemu mbaya ya mageuzi ilikuwa pazia. ISU iliamua kwamba alama zichapishwe bila kuonyesha ni jaji gani aliyetoa ipi. Hoja ilikuwa hii: ikiwa mkuu wa shirikisho hawezi kuhakiki kama jaji wake ametii, hatakuwa na sababu ya kumshinikiza. Ni hoja yenye akili, lakini inasahau kwamba pazia lilelile linamzuia mwandishi wa habari, mchezaji na mtazamaji. Mwaka 2002 tulijua kwamba kura ya Ufaransa haikai mahali pake kwa sababu tu majina yalikuwa wazi. Chini ya sheria mpya tusingejua. Mgonjwa alinyang'anywa kipimajoto akaambiwa homa imekwisha.

Gharama yake ilionekana Sochi mwaka 2014. Adelina Sotnikova wa Urusi alimshinda bingwa mtetezi Yuna Kim wa Korea Kusini kwa 224.59 dhidi ya 219.11. Inawezekana kuutetea ushindi huo kwa hesabu, kwani Sotnikova alikuwa na miruko mingi zaidi ya mizunguko mitatu. Lakini kwenye jopo la programu ndefu aliketi Alla Shekhovtseva, mke wa Valentin Piseev, aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la Urusi. Aliketi pia Yuri Balkov wa Ukraine, ambaye baada ya Nagano 1998 alisimamishwa mwaka mmoja kwa sababu jaji wa Kanada, Jean Senft, alimrekodi kwa simu akipanga nafasi za dansi kabla ya mashindano. Wakorea walilalamika bila mafanikio. Walitoa alama gani, Shekhovtseva na Balkov? Karatasi haikusema. Huenda walikuwa waadilifu usiku ule, na hata wao pazia liliwanyima nafasi ya kuthibitisha hivyo.

Pazia liliondolewa mwaka 2016. Matokeo hayakukawia: baada ya Olimpiki ya PyeongChang ya 2018, majaji wawili wa Uchina walisimamishwa kwa kuwapendelea wachezaji wa nchi yao, na ushahidi ulikuwa alama zao wenyewe, zenye majina, zilizolinganishwa na za wenzao.

Lililobaki bila kuguswa ni nani anayemweka jaji kwenye kiti. Mwaka 2002 ilikuwa shirikisho la nchi yake, na leo pia ni shirikisho la nchi yake linalopeleka jina lake ISU. Jaji anayetaka kuitwa tena msimu ujao anajua fika ni ofisi gani inayoandika orodha. Didier Gailhaguet alimaliza adhabu yake, akachaguliwa tena kuwa rais wa shirikisho la Ufaransa mwaka 2007, na akakaa hapo hadi 2020, alipojiuzulu kwa sababu ya kashfa nyingine kabisa. Katika miaka hiyo yote majaji wa Ufaransa waliendelea kuteuliwa na shirikisho aliloliongoza, kama ambavyo wa Urusi, Kanada na Uchina waliteuliwa na ya kwao. ISU ikitaka kumaliza kazi iliyoianza baada ya Salt Lake City, itapaswa kuwaajiri majaji yenyewe, iwalipe yenyewe na iwapange yenyewe.